Hatua Sabini kwa Sabini

Huku Dodoma mtu akikuuzia shamba hakutajii mita, anakutajia hatua. Eka moja ni hatua 70 kwa 70. Hilo analijua mwenyekiti wa kitongoji, analijua dalali, analijua na kijana aliyeshuka jana kutoka Dar es Salaam akitafuta kipande cha kupanda zabibu. Ataitwa mtu mzima mwenye hatua ya kuaminika, mashahidi watamfuata nyuma wakihesabu kwa sauti, kila kona itachimbiwa jiwe au kuchomekwa tawi la mnyaa, kisha watu wanakwenda kuandikishana.

Mimi ni mwalimu wa Hisabati katika shule ya msingi, Wilaya ya Chamwino. Miaka yote hii nimekuwa nikifundisha kubadili vipimo vya urefu katika sura yake na mzingo wa mstatili katika sura yake, kwa sababu ndivyo mada zinavyopangwa. Lakini nje ya darasa sijaona mtu aliyehitaji mzingo bila kukutana kwanza na vipimo visivyolingana. Shamba limepimwa kwa hatua. Seng'enge inauzwa kwa kilo. Nguzo zinahesabiwa kwa futi, na fundi wa kuchomelea anataka upana wa lango kwa milimita. Mtu anayejua kanuni tu, urefu jumlisha upana kisha mara mbili, bado hajapata msaada wowote.

Nililiona hili wazi kiangazi kimoja, baba yangu mdogo alipoamua kuachana na boma la miiba. Ana eka moja ya mizabibu upande wa Hombolo, na mbuzi wa jirani walikuwa wameshajua njia. Alinipigia simu akaniambia, "Mwanangu, wewe ndiye mtu wa hesabu. Nina hatua 70 kila upande, pande nne ni 280. Nikinunua seng'enge ya mita 280 mara mistari minne, si itatosha?"

Nikamwomba asubiri nifike na futikamba.

Ile 70 kwa 70 ni hesabu nzuri, na wazee walioishika hawakubahatisha. Eka ni yadi za mraba 4,840. Hatua ndefu ya mtu mzima inakaribia yadi moja, yaani sentimita 91.44, na 70 mara 70 ni 4,900. Tofauti ni ndogo mno kwa shamba la kutembea kwa miguu. Ugomvi unaanzia pale neno "hatua" linapogeuzwa kuwa "mita" njiani bila namba kuguswa. Mita 70 kwa 70 ni mita za mraba 4,900, wakati eka yenyewe ni kama mita za mraba 4,047. Hapo eka imeongezeka kwa zaidi ya moja ya tano na hakuna aliyeona. Mnunuzi akipima baadaye kwa mita anaamini amepunjwa, muuzaji anaapa kwamba alitoa haki, na wote wawili wanasema kweli kwa kipimo chao.

Kwa mzingo pia tofauti ipo. Yadi 280 ni mita 256 na sentimita 3, wakati mita 280 ni mita 280. Hizo karibu mita 24, ukizizidisha kwa mistari minne ya seng'enge, ni fedha ya mtu.

Tulipima na watoto wawili wa pale nyumbani, mmoja akishika mwanzo wa futikamba, mwingine akinyoosha kamba ili tusipinde. Futikamba ya mita 50 haimalizi upande wa shamba kwa mvuto mmoja, kwa hiyo unachoma kijiti pale inapoishia, unaanza upya pale pale, na mtu mmoja anaandika. Upande mrefu ulikuwa mita 66 na sentimita 40. Upande mfupi mita 61 na sentimita 80. Baba mdogo alishangaa kwamba shamba lake si la mraba, maana alikuwa na hatua 70 kila upande. Nikamweleza kwamba mtu akitembea kwenye matuta, au amechoka, au anapanda kilima kidogo, hatua yake inafupika. Tukapima pia kona kwa kona, na namba mbili zikalingana, karibu mita 90 na sentimita 70. Kipimo hicho watu wanakiruka, nami sikubali kukiruka: pande zinazotazamana zikiwa sawa na kona kwa kona zikiwa sawa, ndipo una mstatili wa kweli na kanuni ya mstatili inakuhusu.

Urefu na upana vikatoa mita 128.20, mara mbili ni mita 256.40. Lango la mita 4 tukaliondoa, zikabaki 252.40, na mara mistari minne ni mita 1,009 na sentimita 60, kabla ya ziada ya kufungia kwenye kona. Kwa hesabu ya mita 280 angenunua mita 110 na ushee za bure.

Dukani mjini ndiko kulikokuwa na somo lingine. Seng'enge ilikuwa imewekwa kwa kilo, na roli mbili za kilo sawa zilikuwa na bei tofauti. Baba mdogo akaielekea ya bei nafuu. Nikamuuliza mwenye duka kila roli ina mita ngapi, akatafuta karatasi zake, na ikaonekana kwamba uzito ulikuwa mmoja ila waya wa moja ulikuwa mwembamba zaidi, kwa hiyo ulikuwa mrefu zaidi. Wewe unazunguka shamba kwa urefu. Kilo itakueleza habari za unene na usafiri, lakini haiwezi kukueleza kama utafika ulipoanzia. Baada ya kujua mita za kila roli tulichagua kwa utulivu, tukijua pia kwamba mwembamba utakatika mapema zaidi ng'ombe akiuegemea.

Kisha nguzo, na hapa naomba msomaji avumilie, maana ndipo watu wengi wanapopotea hata wakiwa na mzingo sahihi. Tulitaka nguzo zisiachane zaidi ya mita 3. Ukigawanya 256.40 kwa 3 unapata 85 na kitu, unasema 86. Lakini lazima kila kona iwe na nguzo, hivyo inabidi kila upande ugawanywe peke yake. Upande wa mita 66.40 unahitaji nafasi 23, kila moja ikiwa karibu mita 2 na sentimita 89. Upande wa mita 61.80 unahitaji nafasi 21, na ule wenye lango, lango lenyewe likachukua nafasi moja kati ya hizo. Nafasi 23 na 21 ni 44, mara mbili ni 88. Nguzo ngapi? Ni 88 vilevile, mbili zikiwa za lango.

Fundi aliyetusaidia alikuwa ameshaandika 92. Alihesabu kila upande na nguzo zake zote, 24, 22, 24 na 22. Kwa uzio ulionyooka kama wa kando ya barabara angekuwa sahihi, maana nafasi 23 kweli zina nguzo 24. Uzio unaozunguka na kurudi hauna nguzo ya mwisho: ya mwisho ndiyo ya kwanza. Kila kona alikuwa ameihesabu mara mbili, na kona ni nne. Tulitembea naye kuzunguka shamba akigusa vijiti, na alipofika tena kwenye kijiti cha kwanza akasimama, akafuta 92 mwenyewe.

Tangu hapo sianzi mada hii ubaoni. Naanza na kamba uwanjani.

Kuna swali ambalo kila mwaka linawaangusha watoto wa darasa la tano, na hata la saba: mstatili una urefu wa m 2 na upana wa sm 75, tafuta mzingo wake. Jibu linalokuja kwa wingi ni 154. Wamejumlisha 2 na 75, wakapata 77, wakazidisha kwa 2. Kanuni wameifuata bila kosa. Siwapigi alama ya kosa mara moja. Nawauliza: 154 za nini? Mmoja atasema mita. Basi tunashika kamba na kuipeleka mita 154. Inavuka uwanja wa shule inakwenda kwa jirani, kwa kitu chenye ukubwa wa meza. Mwingine atasema sentimita. Tunakata kamba ya sentimita 154 na kuilaza kwenye urefu wa mita 2. Haimalizi hata upande mmoja, itazungukaje pande nne? Darasa lenyewe linalikataa jibu. Tukishaweka vyote kwenye sentimita, 200 na 75 ni 275, mara mbili ni 550, yaani mita 5 na nusu, na kamba inakubali.

Wapo pia wanaoishia kwenye 275, kwa sababu swali limetaja namba mbili tu na wao wamejumlisha namba mbili. Hao huwa nawatembeza. Ukifuata urefu kisha upana umefika kona ya mkabala, hujarudi ulipoanzia. Mtoto aliyeitembea njia hiyo kwa miguu yake hasahau ile nusu ya pili.

Ngazi ya Km, Hm, Dam, M, Dm, Sm, Mm tunaifundisha, nayo ni nzuri, ila imewazoesha watoto kusogeza sifuri bila kuwaza. Ninachosisitiza ni kwamba kipimo kikiwa kidogo, idadi yake huwa kubwa. Urefu wa shamba haubadiliki unapotoka kwenye mita kwenda sentimita. Zinazoongezeka ni hizo sentimita za kulijaza. Mtoto akishika hilo, hatagawanya pale pa kuzidisha.

Nukta nayo inahitaji ulinzi. Mita 5 na sentimita 50 ni mita 5.5, lakini mita 5 na sentimita 5 ni 5.05. Kwenye futi hali ni mbaya zaidi, kwa sababu futi ina inchi 12 na wala si 10. Mlango wa futi 6 na inchi 8 ni inchi 80, sawa na sentimita 203.2. Ukiandikwa "6.8" kwenye kikaratasi na kupelekwa kwa mtu mwenye kikokotoo, atazidisha kwa 30.48 na kupata sentimita 207 na ushee. Mlango huo hauingii kwenye fremu. Nimeona milango ikirandwa juani kwa sababu ya nukta hiyo, na ninaamini kabisa kwamba vijana wetu wanaokwenda kwenye ufundi wangeokoa mbao nyingi kama tungewafundisha jambo hili wakiwa wadogo.

Watu huuliza kwa nini tusiachane na inchi na futi. Mafundi wetu wanaishi nazo: tofali za inchi sita, bati za futi kumi, mbao mbili kwa nne, huku nondo zikiwa za milimita 12. Hata mjini Dodoma tuna reli mbili zinazofundisha jambo hilohilo. Reli ya zamani, iliyoanza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914, ina upana wa milimita 1,000 kati ya chuma na chuma, mita moja kamili. Reli mpya ya treni za umeme, zilizoanza kubeba abiria hadi Dodoma mwaka 2024, ina milimita 1,435. Watoto huniuliza kwa nini namba ya ajabu namna hiyo. Ni kwa sababu kipimo hicho kilizaliwa Uingereza kikiwa futi 4 na inchi 8 na nusu. Tunakibadili ubaoni: futi 4 ni inchi 48, jumla inchi 56.5, mara milimita 25.4, tunapata 1,435.1. Darasa hushangilia. Goli la mpira nalo ni hivyohivyo: mita 7.32 kwa 2.44 ni yadi 8 kwa futi 8 zilizovaa nguo za mita.

Badala ya kuvikimbia vipimo hivyo, nawafundisha namba moja ya kushika: inchi ni sentimita 2.54 kamili, kama nchi zilizokuwa zikitumia inchi zilivyokubaliana mwaka 1959. Hapo futi, yadi na maili zote zinatoka zenyewe.

Somo ninalolipenda zaidi lakini ni la tembe. Watoto wengi hapa wana bibi au babu aliyewahi kuishi ndani ya tembe la Kigogo, nyumba ya udongo yenye paa bapa, na lile kamili hufunga pande zote nne likiacha uwanja wa mifugo katikati. Ukilichora kutoka juu unapata mistatili miwili, mmoja ndani ya mwingine, kwa hiyo lina mizingo miwili. Tuseme nje ni mita 20 kwa 16. Mzingo wa nje ni mita 72. Vyumba vina upana wa mita 3 pande zote, basi uwanja wa ndani ni mita 14 kwa 10, mzingo wake mita 48. Tofauti ni 24. Nawaambia wabadilishe ukubwa wa tembe wanavyotaka ila upana wa vyumba ubaki mita 3. Wanajaribu 30 kwa 25, wanajaribu 12 kwa 9, na tofauti inabaki 24. Wanashangaa, na mimi kila mwaka nafurahi kuwaona wakishangaa. Kisha mmoja hugundua kwamba 24 ni mara nane ya 3: kila kipimo cha ndani kimepungua upana wa vyumba mara mbili, na pande ni nne.

Kanuni hiyo ya mara nane nimeitumia kwenye nyumba yangu. Ukuta wa tofali za inchi sita una unene wa sentimita 15.24, hivyo mzingo wa nje wa chumba unazidi wa ndani kwa sentimita 121.92, karibu mita moja na robo, kabla ya plasta. Anayenunua vigae vya kuzungushia chini ya kuta kwa vipimo vya nje anabaki na ziada hiyo kwenye kila chumba.

Kuhusu futi yenyewe, ile kamba ya kupimia, nitasema machache. Ya kitambaa huvutika ikizeeka, hivyo ilinganishe mara kwa mara na ya chuma. Kile kibati kilichokunjwa kwenye ncha ya futi ya chuma kinachezacheza, na watu hukigongelea wakidhani kimelegea. Kiacheni. Kinacheza kwa kiasi cha unene wake: ukikinasa nje ya ubao kinavutika, ukikisukuma ukutani kinarudi, na vipimo vyote viwili vinakuwa sahihi. Kikivunjika, anzia kwenye sentimita 10, ila mwenye kuandika aambiwe aondoe 10 kwenye kila upande, siyo mara moja mwishoni. Kwa pande nne hizo ni sentimita 40.

Mwaka huu darasa la sita liliniomba tupime uwanja wao wa mpira, kwa kuwa wanataka kupanda miti kuuzunguka kabla mvua za Desemba hazijaanza. Walikwisha andika kanuni kwenye daftari. Tulipopima, pande ndefu zilikuwa mita 98.20 na mita 95.60, fupi, mita 61.50 na 63.40. Kona kwa kona zikaachana kwa zaidi ya mita tatu. Msichana mmoja akasema, "Mwalimu, huu siyo mstatili." Wakaikata ile kanuni kwa mstari, wakajumlisha pande nne moja moja, wakapata mita 318 na sentimita 70. Sasa wanabishana kama miti iachane mita 5 au 6, na nimewaambia wagawanye kila upande peke yake.